Wivu wa Silinda Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Gari limeletwa leo, limenunuliwa mkononi, tulipange upya lote. Juu ya lori, limefunikwa turubai, na watu wote wa karakana wameacha kazi kulipokea kana kwamba ni bwana harusi. Mwenyewe, yule mfanyabiashara wa marumaru, kaja nyuma kwa teksi. Nikamuuliza: na ile nyekundu? Ile ya silinda kumi na mbili?

Ameiuza! Mwezi uliopita. Wala hakunidokeza, mimi niliyeishusha injini yake mara mbili na kuipandisha, ninayezijua vali zake kama ninavyoyajua meno yangu.

"Fundi, zama zake zimepita," akasema. "Hili lina silinda nane tu, na ile italiona mgongo tu."

Silinda nane, turbo mbili, na mota tatu za umeme. Mota moja imebanwa kati ya injini na gia boksi. Mbili ziko mbele, kila gurudumu na yake. Betri nyuma ya viti. Na chini ya sakafu zinapita nyaya za rangi ya chungwa, nene kama kidole gumba. Nilipeleka mkono nizisogeze, nione kilicho nyuma yake — Bosi akapiga ukelele mpaka Brashi, fundi wetu wa rangi, akaangusha kopo. Usiguse! Asiye na cheti cha umeme mkubwa haruhusiwi kuzikaribia. Bima haitaki, kiwanda hakitaki, na yeye mwenyewe hataki kuzika mtu.

Mimi! Mkuu wa injini! Nakatazwa kama mtoto aliyeingia duka la vyombo.

Halafu Bosi akanigeukia, sauti imelainika. Mkeo si ana cheti hicho?

Anacho. Alikipatia kule maghalani, kwenye zile folklifti za betri, za kunyanyulia mizigo, anazozitengeneza. Na nani alimwambia Bosi? Ni huu mdomo wangu, kwenye sherehe ya kufunga mwaka. Nilikuwa najisifu. Nilitaka wajue nimeoa mtu.

Jumanne, 4 Machi

Bosi kampigia simu mwenyewe. Hakupitia kwangu. Nimerudi nyumbani nimemkuta mke wangu anaosha vyombo huku anaimba, nikajua.

"Baba watoto, unaonaje?"

"Ni uamuzi wako."

"Sijauliza uamuzi wa nani. Nimeuliza unaonaje."

Nikasema naona vizuri. Nikasema na kutabasamu nikatabasamu. Binti yetu akauliza sasa kazini nani atakuwa mkubwa wa mwenzake. Mama yake akacheka, akamrushia povu. Mimi nikaenda kukagua bomba la choo, ambalo halina tatizo lolote.

Jumatatu, 10 Machi

Siku yake ya kwanza.

Tulikubaliana njiani: kazini yeye ataniita fundi, na mimi nitamwita fundi. Wazo lilikuwa langu. Aliposema "Habari za asubuhi, fundi," mbele ya watu, nilijisikia kama mpangaji anayesalimiwa na mwenye nyumba.

Ana glavu za mpira zinazofika viwikoni. Kabla ya kuzivaa anazijaza hewa, anazibana, anazisikilizia shavuni kama kuna tundu. Kisha akavua pete ya ndoa. Miaka yote hii haijatoka kidoleni, hata alipojifungua mkono ukavimba alikataa wasiikate. Leo, kwa ajili ya gari la mtu, ametoa pete, akaitia kwenye kisahani cha boliti! Ni sheria, chuma hakitakiwi karibu na umeme ule. Najua ni sheria. Lakini si angenipa mimi nimshikie?

Na kuna huyu mkufunzi. Ametumwa na kiwanda, atakaa wiki mbili. Kijana si kijana, mzee si mzee. Sauti ya chini, kucha safi. Fundi gani ana kucha safi? Alitukusanya akatueleza kwa nini magari haya ya mbio yanaachana na zile injini kubwa. Sheria za moshi zimekaza. Na injini ndogo yenye turbo ina ugonjwa wake: turbo lazima isubiri moshi wa injini uizungushe, kwa hiyo ukikanyaga mafuta kuna kusubiri. Mota ya umeme haisubiri. Wewe unakanyaga, yenyewe imeshasukuma. Inaziba lile pengo mpaka turbo iamke.

"Kama watu wawili wanaonyanyua kabati," mke wangu akasema. "Huyu mwingine anashika kabla mwenzake hajavuta pumzi."

Mkufunzi akapiga makofi! Akasema huo mfano atauchukua, atautumia kila aendako. Nami nikatupia mzaha wangu kuhusu kabati na mama mkwe. Hakucheka mtu.

Nikauliza: na za silinda kumi na mbili? Akasema zipo, lakini chache, na nyingi kati ya hizo nazo siku hizi wanazifungia mota. Alisema kwa upole. Kama daktari anavyowaambia watu habari za mgonjwa wao.

Mchana Brashi ananiambia, mdomo umejaa mkate: "Pistoni, umejiletea mke mwenza kazini. Na mke mwenza mwenyewe ni mkeo!" Hilo walilicheka wote.

Jumanne, 11 Machi

Wakati wa chakula kanieleza gari zima. Betri inavyopozwa, umeme unavyorudi ukikanyaga breki, ubongo wa gari unavyoamua nani asukume sasa — injini au mota au wote. Macho yanamng'aa. Alikuwa mzuri, Mungu anajua alikuwa mzuri, amejipaka grisi shavuni na hajui.

Mimi nilikuwa hivyohivyo siku nilipoifungua ile nyekundu mara ya kwanza. Na yeye alinisikiliza mpaka chakula kikapoa.

Leo mimi nilitazama sahani. Nikasema, "Pitisha chumvi."

Alhamisi, 13 Machi

Siku mbaya. Niandike taratibu.

Asubuhi Bosi alituita mimi na yeye ofisini. Kiwanda kimetoa nafasi moja ya mafunzo huko kwao. Miezi sita. Anayekwenda akirudi atakuwa mkuu wa magari haya yote, ya haibridi, na Bosi anasema yanakuja mengi. Moja! Kati yetu wawili. Atatazama kazi ya gari hili, jinsi kila mmoja alivyofanya upande wake — mimi injini, yeye umeme — na wiki ijayo, baada ya majaribio barabarani, ataamua.

Hii nafasi nimeiota tangu sijaoa. Kuingia kiwandani kwenyewe, kusimama pale injini zinapozaliwa. Bosi anajua. Mke wangu anajua zaidi ya Bosi, maana ndoto yenyewe nilimsimulia yeye, hatuna hata kitanda.

Tulipotoka akanigusa kiwiko. "Yeyote atakayepata, imeingia nyumbani." Maneno mazuri. Mtu anayejiona anashinda ndiye husema maneno mazuri.

Sasa hili la mchana. Gari lilikuwa juu ya lifti, mimi chini yake namwaga oili. Yeye na mkufunzi walikuwa ofisini kwenye kompyuta. Nikaona tone. Si upande wangu — mbele kidogo, kwenye mpira unaopeleka kulanti, yale maji ya kupozea betri. Tone la waridi, limening'inia kwenye klipu. Likadondoka. Lingine likaanza kujikusanya.

Pampu ya kulanti hiyo alibadilisha yeye jana. Klipu ile ameifunga yeye.

Nilisimama pale. Najua maana ya tone lile. Kulanti ikipungua, betri inachemka. Kulanti ikipenya ndani ya betri, umeme unatafuta njia usiyopewa, na gari linaweza kuzimika katikati ya barabara, au kuwaka. Gari litapiga king'ora kabla, nilijiambia. Lina vipimo kila mahali, halihitaji jicho langu. Si walisema nisiguse?

Na pia nilijiambia — niandike ukweli, hakuna anayesoma hapa — nilijiambia: litavujia mbele ya Bosi. Siku ya majaribio. Mbele ya mkufunzi na kucha zake.

Nikachukua kitambaa nikalifuta. Nikafuta na sakafu. Kitambaa nikakisokomeza mfukoni mwa ovaroli nikarudi kwenye oili yangu.

Alipotoka akaniuliza, "Kuko sawa huko chini, fundi?"

Nikasema sawa.

Ijumaa, 14 Machi

Sijasema.

Asubuhi garini nilifungua mdomo, akaanza habari za sare za shule za mtoto. Mchana nilimfuata mpaka kwenye kabati la spana, mkufunzi akatangulia. Jioni — jioni sikujaribu.

Mama kapiga simu. Nikadhani ananijulia hali. Kumbe anataka kuzungumza na mkwewe, ampe hongera! Amewasimulia majirani wote. Mwanamke wa kwanza, anasema, kwenye magari ya mamilioni. Miaka yangu yote kule hajawahi kumsimulia jirani hata mmoja. Aliwahi kuniambia nina harufu ya petroli.

Gari halishuki kwenye lifti mpaka Jumatatu. Kwa hiyo hakuna hatari. Nitasema Jumatatu.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ya kufua. Yeye hupakua mifuko ya ovaroli zetu kabla ya kuzitia kwenye mashine, maana mimi husahau misumari. Nilikuwa sebuleni natazama mpira. Nikasikia bomba limefungwa kule. Kisha akaja akasimama mlangoni, mikono imelowa.

"Juzi kazi ilikwendaje?"

"Kawaida."

"Hakuna ulichoona?"

"Kama nini?"

Akanitazama. Timu yangu ilikosa penalti hapo, nami sikuona.

"Basi," akasema. Akarudi kufua.

Labda amechoka. Mchana kutwa hakuimba.

Jumapili, 16 Machi

Ameondoka asubuhi. Jumapili! Anapitia karakana mara moja, anasema. Kuangalia kitu. Kitu gani? Kitu tu. Amevaa ile blauzi ya bluu.

Nimevumilia mpaka chai ikapoa. Nikampigia mlinzi, nikajifanya nauliza habari ya ufunguo wangu wa stoo. Nani yuko ndani? Shemeji yupo, akasema, na yule mgeni wa kiwandani pia. Wamefunga mlango mkubwa, wamewasha taa.

Wamefunga mlango!

Nilikwenda. Nilimwambia binti nafuata mkate. Nikasimama ng'ambo ya barabara, kwa muuza matairi, nikijitia kuchagua tairi la gari nisilokuwa nalo. Gari la kukodi la mkufunzi limeegeshwa pale. Mlango umefungwa kweli. Muuza matairi akaniuliza saizi gani, mzee. Nilikuwa naona mambo: pete kwenye kisahani. Sauti ile ya chini. Miezi sita huko kwao, yeye na nani? Na huyu bwana si anaishi hukohuko?

Ningeingia. Ufunguo ninao. Lakini ningesema nimekuja kufanya nini? Nikageuka. Hata mkate nikasahau.

Alirudi mchana. Amenawa, mikono inanuka sabuni ya karakana. Amechoka, shingo ameikaza. Nikauliza, "Kitu chako kimeonekana?"

"Kimeonekana."

"Ulikuwa peke yako?"

"Nilikuwa na mkufunzi. Nilihitaji mtu wa pili, kanuni inataka wawili." Halafu, akiwa ananipa mgongo, akasema, "Nilifikiria kukuita wewe."

"Mbona hukuniita?"

Akafungua bomba la maji. Sijui kama alisikia.

Jumatatu, 17 Machi

Nimefika wa kwanza. Nimeingia chini ya gari na tochi. Pakavu! Nimepitisha kidole kwenye mpira, kwenye klipu, chini yake. Pakavu kabisa.

Nimecheka peke yangu. Kumbe yalikuwa matone ya kiyoyozi! Najitesa siku nne kwa jasho la kiyoyozi. Rangi ile ya waridi labda ni taa, labda ni macho yangu, nakaribia umri wa miwani.

Klipu inang'aa kama mpya. Sikutaka kufikiri zaidi. Nilizima tochi.

Sina cha kusema basi. Imekwisha.

(Jioni.) Mbona sijisikii kama imekwisha?

Alhamisi, 20 Machi

Majaribio. Nimekaa kwenye ngazi za nyuma za nyumba, wao wako ndani. Sitaki kuruka hata kitu kimoja.

Asubuhi alikuja mwenye gari, kavaa viatu vyeupe. Bosi kavaa miwani ya jua. Barabara ni ile ya nyuma ya viwanda, ndefu, haina watu. Mke wangu kwanza akaenda na mwenye gari, wakarudi, na yule bwana akashuka kama mtu aliyetoka kuona mzimu. Kisha Bosi akasema: sasa Pistoni apande. Akasikilize injini yake.

Nikakaa kando ya mke wangu. Akanikagulia mkanda, akauvuta, kama anavyomfanyia binti.

Tukatoka kwa umeme. Hakuna mlio, unasikia matairi na kokoto tu. Mimi moyoni: gari gani hili, bubu. Nilikuwa nasubiri pale injini inapoamka — hapo ndipo wengi hukosea, gari hushtuka, meno ya mtu hugongana. Nilikuwa naungoja ule mshtuko kama mtu anayengoja adui yake ateleze. Akakanyaga.

Sikuijua hata sekunde ilipoingia. Silinda nane ziliamka nyuma ya mabega yangu, sauti ikapanda, na wakati huohuo kitu kikanishika kifuani kikanisukuma kwenye kiti. Mota zilikuwa zimeshaanza, injini ikazipokea, wakaenda pamoja. Nilitafuta kosa. Wallahi nilitafuta! Nilisikiliza kila vali. Injini ilikuwa safi, kazi yangu ilikuwa safi, na kazi yake ilikuwa juu yake, imeifunika kama ngozi juu ya nyama. Huwezi kusema hapa ndipo anapoishia yeye na mimi ninapoanzia.

Nilitaka kulia. Kwa uzuri wake, na kwa kuwa si wangu peke yangu.

Alipunguza mwendo, akanitupia jicho. "Unaisikia?"

"Naisikia."

"Ni injini nzuri sana hiyo," akasema. "Umeipanga vizuri." Alisema bila kijembe chochote. Nikaona heri angenitukana.

Tuliporudi Bosi alituita wote, mpaka Brashi na brashi zake. Anasema ameshaamua. Anatazama upande wa mke wangu, anatabasamu, kila mtu anaona jibu lilipo.

Mke wangu akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Kabla hujasema, Bosi, kuna jambo mjue.

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Pampu ya betri niliifunga mimi," akasema, "na klipu ya mpira wake niliifunga vibaya. Kulanti ilikuwa inavuja. Kidogo sana, hata skrini haikuona, na mimi sikuona. Aliyeona ni fundi Pistoni. Kama si yeye leo tungetoka na gari bovu, na mteja ndani yake. Jumapili nimelirekebisha, mkufunzi ni shahidi. Ila katika hesabu yako, Bosi, kosa liwekwe kwangu na jicho liwekwe kwake."

Makofi! Brashi alinipiga mgongoni nusura nidondoke. Mwenye gari akanishika mkono kwa mikono miwili. Mkufunzi akainamisha kichwa kwangu, kwa heshima, na akasema kama ni siri yetu: mkeo alisisitiza klipu mpya aifunge yeye mwenyewe, mimi nilimshikia taa tu. Una bahati, akasema.

Bosi akavua miwani. Kwamba hilo linabadilisha mambo. Kwamba kiwanda kinataka mtu wa namna hiyo, anayeona kabla ya vipimo. Kesho tuongee, fundi.

Na mimi? Nilitabasamu. Ndiyo, nilisimama pale nikapokea makofi.

Nilimkuta stoo, anatundika glavu. Nikafunga mlango.

"Kwa nini umesema vile?"

"Nimesema uongo?"

"Unajua ulichosema."

"Ni nani aliyeona kwanza?" Hakupandisha sauti. "Kuna mwingine aliyeona kabla yako? Nitajie, nikamwombe radhi."

Nikazitazama glavu zikining'inia.

"Kitambaa chako kilikuwa kimekauka, cha waridi," akasema. "Nikasema labda amesahau kuniambia. Nikaja nikakuuliza, ukitazama mpira. Nikasema labda ataniambia usiku. Nikasema labda asubuhi." Akafunga kabati. "Lile gari ningeliendesha mimi, baba watoto. Na mama wa mwanao ni mmoja."

"Nilidhani litapiga king'ora."

"Eeh. Labda lingepiga."

Akachukua pete kwenye kisahani. Akaishika kidogo, akaivaa. Akatoka. Alipopita aliniambia, "Ahsante, fundi," maana Brashi alikuwa nje ya mlango.

Nyumbani amepika, amesahihisha hesabu za mtoto, ameniuliza kama nataka chai. Ananiongelesha kwa adabu. Mgeni huongeleshwa hivi. Angevunja hata kikombe kimoja!

Na linaloniaibisha kuliko yote ni hili. Nilidhani nitaona aibu tu, au huruma. Lakini bado ninaona wivu. Safari hii si wa cheti. Alikuwa na nafasi ile kiganjani, akafungua mkono akaiachia. Mimi nafuta matone kwa siri nipate kitu ambacho yeye anaweza kukitoa mbele za watu. Ningependa kuwa na mkono ule. Namwonea wivu hata huo.

Ijumaa, 21 Machi

Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya Bosi. Nimeambiwa ningoje. Nina peni ya karakana, inaandika inapotaka.

Asubuhi garini nilimuuliza, "Niende?"

"Mimi sikuulizwa."

"Nakuuliza mimi."

Akatazama barabara. "Ulitaka au hukutaka?"

"Nilitaka."

"Basi umepewa. Mtu akipewa hupokea." Kisha, tulipofika getini, "Au husema ukweli. Hayo mawili mimi siwezi kukufanyia."

Kutoka hapa namwona kupitia kioo. Gari jingine limeletwa leo, dogo zaidi, injini ya silinda sita na mota moja. La mtu anayeuza viwanja. Ameshaingia chini yake. Miguu tu inaonekana, na ile soksi yenye tundu. Brashi kamwambia neno, miguu inacheka. Inawezekanaje mtu akacheka leo? Mimi ndiye niliyepewa, mimi ndiye niliyekosa usingizi.

Nimeyapanga maneno. Bosi, lile tone niliona Alhamisi. Nikalifuta. Sikumwambia mtu. Maneno machache, hata mtoto anaweza kuyasema. Baada ya hapo sijui. Labda nafasi itarudi kwake. Labda Bosi ataniambia nikusanye spana zangu, na atakuwa na haki. Labda Brashi hataniita tena Pistoni, atatafuta jina jingine, na atalipata, ana kipaji.

Au nisiseme. Miezi sita, na injini zote zile. Nikirudi nitakuwa na jambo la kumfundisha. Nitamletea zawadi. Atasamehe, au atazoea.

Mlango umefunguliwa. Nimeingia.

Bosi yuko kwenye simu, ananionyesha kiti. Nikasema, "Bosi, kuhusu lile tone —" Akainua kidole, ningoje. Ananikonyeza, amefurahi. Ni kiwandani, ananiambia kwa midomo tu. Nimekaa. Nimefungua daftari juu ya goti, naandika, nadhani anafikiri naandika ya kuuliza.

Anacheka na mtu wa upande wa pili. Anasema ndiyo, ndiyo, fundi wetu bora. Nimesimama. Nimesema tena, "Bosi." Ameinua kidole kilekile.

Anawatajia jina langu sasa, herufi moja moja.